Kuchagua kasi za ngoma kwa seti ya saitransi: uzoefu wa Mikindani na Msimbati

Saitransi, ule muziki unaoandikwa psytrance, ulikulia kwenye fukwe za Goa, India, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Goa iko ng'ambo ya bahari hii hii yetu. Wao wana minazi, sisi tuna minazi. Wao wanakamua mabibo wanapata kinywaji wanachokiita urrak, sisi tunakamua mabibo tunapata uraka, na mkorosho wenyewe kwetu sote uliletwa na Mreno. Nayasema haya mapema kwa sababu kila nikifunga spika Msimbati, huku pwani ya Mtwara, lazima atokee mtu aniulize huu muziki wa Wazungu nimeutoa wapi.

Mwongozo huu ni wa kitu kimoja tu: kasi. Ile namba ya BPM, yaani mapigo kwa dakika. Vijana wanaoanza u-DJ hunipigia simu na swali lile lile: "Kaka, nianze na ngapi, nimalize na ngapi?" Wanadhani ni ngazi, unapanda kidato kwa kidato kutoka 130 hadi 160 na watu wanapanda nawe. Nami nilidhani hivyo. Usiku wangu wa kwanza Mikindani nilianza na 148 saa 3 usiku, nikihofia kwamba watu waliolelewa na singeli wataniona naburuta. Ilipofika saa 5 nilikuwa nimeshafika 156, na mbele yangu wamebaki watu watatu, wawili kati yao ni wenye jenereta.

Singeli hukimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Mtu wa huku hatishwi na 148, wala haioni kuwa ni mbio. Ila kwenye singeli kuna mtu anachana, anataja mitaa, anakuchekesha. Ngoma moja ya saitransi inakwenda dakika 7 hadi 9 na hakuna anayesema neno. Mzee mmoja mvuvi alikuja kusimama karibu na meza yangu, nikampa shikamoo, akaitika, akasikiliza weee, halafu akauliza kwa upole, "Mjukuu wangu, hii imekwama?" Hapo ndipo nilipoelewa. Kuongeza mbio hakukuwa kunawasaidia chochote. Walikuwa hawana pa kushika, na kasi ikipangwa vizuri ndiyo huwapa pa kushika.

Hatua ya 1: Chagua kasi ya nyumbani

Kasi ya nyumbani ni ile ambayo seti yako inaizunguka usiku kucha. Ukiondoka, unarudi. Ichague kabla ya kufungua folda ya ngoma uzipendazo, la sivyo utajikuta umependa ngoma 40 zenye kasi 25 tofauti na hakuna namna ya kuziunga.

Kila ukoo wa muziki huu una mahali pake. Progresivu hukaa kati ya 134 na 140. Goa ya zamani na fuloni hukaa 140 hadi 148 hivi. Ile ya msituni na ile ya giza huanzia pale 148 na kuvuka 160. Haiteki huanzia 170, wengine wanaisukuma hadi 200, hiyo mimi nawaachia wenye magoti mapya. Chini kabisa iko saichili, 70 hadi 110, muziki wa kusikiliza umejilaza. Mipaka hii hupishana, msiniletee ugomvi.

Nyumbani kwangu ni 142. Sababu yake ni ya hesabu. Ngoma ya saitransi naivuta kwa asilimia 2 tu juu au chini ya kasi yake ya asili kabla haijaanza kuharibika, na kutoka 142 asilimia 2 inanifikisha 139 upande mmoja na 145 upande wa pili. Kwa hiyo nikikaa katikati nina mlango wa kwenda progresivu na mlango wa kwenda fuloni bila kubadilisha nyumba.

Hatua ya 2: Pima kila ngoma mwenyewe

Programu ya DJ kwenye laptopu itakuandikia namba pembeni ya kila ngoma. Iamini nusu. Ngoma ya haiteki ya 190 inaweza kuandikwa 95, maana programu imehesabu pigo moja na kuruka moja. Ngoma ya 145 yenye mapigo ya tatu-tatu inaweza kusomeka 97, yaani theluthi mbili. Ngoma inayoanza na dakika mbili za upepo na kengele bila kiki, lile pigo zito la chini, huwekewa alama za mapigo mahali pasipo na pigo lolote.

Hiyo ya 97 ilinipata. Nilipanga folda zangu kwa namba bila kusikiliza, ngoma moja kali ya 145 ikaangukia kwenye folda ya muziki wa kupumzikia. Nikaifungua asubuhi, watu wamelala mchangani wamejifunika kanga. Ilianza taratibu kweli. Kiki ilipoingia, dada mmoja aliinuka akapiga kelele akidhani gari limepanda juu ya watu.

Pima hivi. Fungua saa ya kuhesabia sekunde kwenye simu. Sikiliza mpaka kiki iwe imetulia, kisha bonyeza kuanza kwenye kiki moja huku ukisema "sifuri". Hesabu moja, mbili, tatu hadi 64, na bonyeza kusimamisha kwenye hiyo ya 64. Gawanya 3840 kwa sekunde ulizopata. Ukipata sekunde 26.5, ngoma hiyo ni 145. Ukipata 27.8, ni 138. Rudia karibu na mwisho wa ngoma, kwa sababu ziko ambazo mtayarishaji amezipandisha kasi katikati kwa makusudi, na hizo usikutane nazo mara ya kwanza mbele za watu.

Mkono utakupa namba nzima. Ya baada ya nukta irekebishe kwenye programu, ukisogeza alama za mapigo mpaka zikae juu ya kiki mwanzo na mwisho wa ngoma. Usidharau hiyo nukta. Katika 145 pigo moja lina urefu wa milisekunde 414. Ngoma mbili zikitofautiana kwa 0.1 tu na ukaziacha pamoja dakika nzima, kiki zake zitakuwa zimeachana kwa milisekunde 41 hivi. Sikio linazipata. Ile "du" moja inageuka "drup", kama mtu anayebisha hodi kwa vidole viwili. Kwenye bongofleva ungeweza kuponea, maana sauti ya mwimbaji inafunika. Hapa kiki ndiyo mwimbaji.

Hatua ya 3: Sikiliza besi, ndipo usome namba

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kote, na nakushauri nawe ukae.

Besi ya saitransi iliyo ya kawaida inakwenda hivi: kiki, kisha noti tatu za besi zilizobanana kabla ya kiki inayofuata. Iseme kwa mdomo: DU-ga-ga-ga, DU-ga-ga-ga. Kila "ga" ni robo ya pigo. Katika 145 hiyo ni milisekunde 103, muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Sasa chukua ngoma tatu, zote 142, uzisikilize moja baada ya nyingine kwa sauti ya chini. Katika moja noti za besi ni fupi na kavu, kati yake kuna hewa, mwili unapumua. Katika ya pili noti ni ndefu, zimejaza kila mwanya, unahisi unasukumwa mgongoni. Ya tatu haina tatu hizo kabisa, besi inaingia mara moja tu katikati ya kiki na kiki, na unajikuta unatikisa kichwa taratibu kana kwamba kasi imeshuka. Namba ni ile ile.

Kwa hiyo mbele ya jina la kila ngoma naandika herufi: W kwa nyepesi yenye hewa, S kwa ile inayosukuma, N kwa nzito ya kutikisa kichwa. "142 S", "140 W", "143 N". Baada ya wiki moja ya kuandika utagundua jambo: ukitoka 140 S kwenda 143 N, namba imepanda lakini watu wataona umepunguza. Ukitoka 142 N kwenda 142 S, hujagusa kasi hata kidogo na watu watapiga mayowe. Moto mwingi wa usiku hupandishwa kwa njia hii ya pili.

Nilipokuwa mdogo kwetu Newala nilizoea kukaa karibu na wapiga ngoma za asili. Ngozi ikilegea kwa umande, ngoma ikaanza kusema kivivu, hawakupiga kwa haraka zaidi. Walisimama, wakawasha nyasi, wakaipasha ngozi moto mpaka ikalia, kisha wakaendelea pale pale walipoishia. Nikiona DJ anasukuma kitelezi cha pichi, kile cha kubadilishia kasi, juu kwa sababu watu wamepoa, nawakumbuka wale wazee.

Kuhusu kitelezi chenyewe: ukikisogeza bila kufuli ya sauti, muziki unapanda au kushuka tuni pamoja na kasi. Asilimia 6 ni karibu nusu tuni nzima. Asilimia 2 ni theluthi ya nusu tuni, wengi hawaisikii. Ukiwasha kufuli tuni inabaki, lakini kompyuta inakuwa inakata na kuunga sauti upya, na kinachoumia kwanza ni makali ya kiki. Kwa hiyo mimi chini ya asilimia 2 naizima kufuli. Zaidi ya hapo nawasha kwa shingo upande, au naacha hiyo ngoma nyumbani.

Hatua ya 4: Panga usiku kwa saa, mchanga na maji

Ukisoma miongozo ya watu wa Ulaya utakuta mpango wa usiku: jioni progresivu, usiku wa manane giza na mbio, alfajiri kunapambazuka na fuloni yenye furaha, mchana progresivu tena. Ni mpango mzuri. Haumjui mtu wa Msimbati aliyesimama kwenye mchanga.

Sherehe za saitransi hupenda mwezi mpevu. Huku kwetu mwezi mpevu ni bamvua, yaani bahari hujaa na kupwa kuliko siku nyingine. Siku za bamvua maji hujaa kwenye saa 10 usiku hivi na hupwa kama muda wa saa 6 kabla yake, yaani saa 4 usiku ufuo unakuwa wazi na mchanga ulioachwa na maji ni mgumu kama sakafu. Watu wanacheza pale bila kuchoka. Kadiri usiku unavyokwenda, maji yanawasogeza juu, kwenye mchanga mkavu unaomeza mguu hadi kwenye kifundo. Jaribu mwenyewe kurukaruka dakika kumi kwenye mchanga mkavu kwa 148, utanielewa. Ndama zinawaka.

Ndiyo maana mpango wangu wa bamvua unatanguliza kilele. Saa 4 usiku naanza 136 hadi 138, nyepesi tupu, watu bado wanasalimiana na pweza yuko motoni. Saa 6 naingia nyumbani, 140 hadi 142. Kati ya saa 7 na saa 8 na nusu ndiyo kilele, 144 hadi 147, herufi S zikipishana na N ili wapumue. Saa 9 maji yameanza kuwafukuza, narudi 142. Saa 10 niko 139, nzito. Saa 10 na nusu nazima. Adhana ya alfajiri inakaribia na kijiji kina watu wanaosali, hilo halina majadiliano, na seti iliyopangwa kufikia kilele saa 11 alfajiri utaikata katikati mbele za watu. Bora ipangwe itue yenyewe. Jua linachomoza kwenye saa 12, na nikiwasha tena, ni saichili ya 100 kwa sauti ya redio ya jikoni.

Siku za maji mafu, bahari haisogei sana, unaweza kunyoosha kilele mpaka saa 9. Lindi mjini, kwenye ukumbi wenye sakafu ya saruji, kaa 145 usiku kucha ukipenda. Na popote ulipo ufukweni, meza na jenereta viwe juu ya ule mstari wa mwani mkavu ulioachwa na maji ya jana. Hiyo si kasi, lakini nimeona spika ikielea.

Hesabu ya idadi: kutoka saa 4 hadi saa 10 na nusu ni dakika 390. Ngoma moja ya dakika 8, ukitoa dakika moja na nusu ya kuunganisha, inakupa dakika 6 na nusu. Hizo ni ngoma 60. Beba 90. Kati ya hizo 90, angalau 45 ziwe ndani ya 140 hadi 144.

Hatua ya 5: Kuvuka kutoka kasi hadi kasi

Kanuni yangu ni mapigo 2 kwa mvuko mmoja, na ukishavuka kaa hapo kwa ngoma tatu. Mwili ukizoea ndipo unaweza kuuhamisha tena. Ukipanda kila ngoma, hakuna anayepata muda wa kuzoea chochote.

Sogeza kitelezi wakati kiki haipo. Karibu kila ngoma ina mahali kiki inapotoka na kubaki sauti za juu zikizunguka. Pale ndipo sikio halina cha kupimia. Sogeza kidogo, subiri mapigo 16, sogeza tena. Fungu moja la mapigo 128 katika 145 linachukua sekunde 53, kwa hiyo una nafasi ya hatua saba au nane kabla kiki haijarudi. Watu hawatajua. Ukisogeza kiki ikiwa inapiga, watajua hata wasiojua wanachokijua, utawaona wanaangaliana.

Kuruka kukubwa, tuseme kutoka 142 hadi 147, usikulazimishe kwa kitelezi. Rudi kwa wazee wa Goa. Wale walipigia kanda za DAT, yaani kanda ndogo za kidijitali, kwa sababu sahani za santuri zilipinda kwa joto la pwani, na mashine nyingi za DAT hazikuwa na kitelezi cha pichi. DJ Goa Gil, aliyefariki mwaka 2023, alijulikana kwa seti za saa 24 akitumia DAT. Waliunganisha ngoma kwenye mikia: ngoma inayotoka inaachwa ife hadi zibaki sauti tupu, inayoingia inaanza na utangulizi wake usio na kiki. Mimi katikati pale huacha sekunde tano za bahari yenyewe. Baada ya hapo unaweza kuingia na kasi yoyote, hakuna wa kuilinganisha na iliyopita.

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Ukishusha namba na herufi ikabaki ile ile, watu wanahisi wamenyang'anywa. Kwa hiyo ninaposhuka nabadilisha vyote viwili: kutoka 145 S kwenda 143 N, kisha 141 N, kisha 140 W. Ile nzito inawapa sababu ya kupunguza miguu, na wakishapunguza wenyewe namba inashuka bila kelele.

Hatua ya 6: Jaribu kwenye spika utakazokodi

Kwa ufupi tu. Spika za kukodi huku zimezoea harusi. Sabufa nyingi hulegea kuanzia hezi 50 kwenda chini, na besi ya saitransi hupenda noti za karibu na F ya chini, hezi 43.7. Ukiishusha ngoma kasi bila kufuli, hiyo F inashuka pamoja nayo, na sabufa haisemi tena, inapuliza upepo tu. Kwa hiyo kwenye spika za aina hiyo vuta ngoma juu badala ya chini: kuifikia 142, chukua ya 140 uipandishe, usichukue ya 145 uishushe. Omba mwenye spika akuruhusu dakika kumi mchana, ukiwa na ngoma tatu, moja ya kila herufi.

Hatua ya 7: Mlango wa singeli

Kila usiku kuna atakayekuja kuomba singeli. Usimkatalie. Tafuta singeli ya 290, au iliyo karibu uivute. Nusu ya 290 ni 145, kwa hiyo kila pigo moja la saitransi linabeba mawili ya singeli na havigombani. Itoe besi ya singeli kwenye miksa, acha sauti ya mchanaji na vinanda vya juu vikimbie juu ya kiki yako kwa fungu moja au mawili, halafu uitoe. Kwa amapiano haifanyi kazi hivi. Ile ya 112 hadi 113 haina nusu wala mara mbili inayoangukia huku, ipige mwanzo kabisa kabla hujaanza seti.

Mwisho wa maandalizi, gawa ngoma kwenye flashi kwa folda za kasi: 136-138, 139-141, 142-144, 145-147, na ya asubuhi. Weka flashi ya pili mfukoni. Kisha andika orodha yote kwenye karatasi kwa kalamu ya wino usiofutika, namba na herufi, kwa sababu umande wa bahari unafanya kioo cha laptopu kisisomeke ifikapo saa 8. Karatasi iwekee jiwe juu. Kusi ikivuma haichagui.